Nia Njema Mbele ya Mizani

Wazee wetu walisema kwamba nia njema ni tabibu, na mtu ambaye historia hii inaanza kwake alikuwa tabibu kwa kazi na kwa tabia. Richard Clarke Cabot alikuwa daktari wa Hospitali Kuu ya Massachusetts katika mji wa Boston, na mwalimu wa maadili ya jamii katika Chuo Kikuu cha Harvard. Naye ndiye aliyewaingiza hospitalini, mwaka 1905, watumishi wa ustawi wa jamii, kwa kuwa aliona jinsi mgonjwa anavyoandikiwa dawa kisha akarejea katika chumba kile kile cha unyevu, njaa na ugomvi, na dawa isimfae kitu. Mwaka 1935, umri wake ukiwa umekwisha kupita miaka 65, aliazimia kulitia majaribuni jambo ambalo watu wa dini, walimu na mahakimu walikuwa wakilisema siku zote bila ya kulithibitisha, nalo ni kwamba mtoto wa mtaa wa shida, akipata mtu mzima mwadilifu wa kumtembelea, kumsikiliza, kumshauri na kumshika mkono mwaka baada ya mwaka, hataangukia katika uhalifu.

Angeweza kufanya kama wafanyavyo wafadhili wengi, akachagua vijana, akawatendea ihsani, kisha akawatazama baadaye na kuwahesabu wale waliofanikiwa. Hakutaka hivyo. Katika miji iliyopakana ya Cambridge na Somerville wasaidizi wake walikusanya habari za wavulana, wengine walioitwa watundu na walimu wao na wengine watulivu, wakawapanga wawili wawili, kila mmoja na mwenziwe aliyelingana naye kwa umri, kwa hali ya nyumba, kwa aila na kwa tabia kadiri ilivyoweza kupimwa, hata wakapata jozi 325; kisha, kwa kila jozi, sarafu ikarushwa juu. Upande ulioangukia sarafu ndio uliosema ni nani atakayepewa mlezi, na ni nani atakayeachwa aendelee na maisha yake kama vile mradi haukuwapo. Msomaji asiharakishe kuliita jambo hilo ukatili, maana fedha na walezi havikuweza kuwatosha wote, na penye upungufu kura ina insafu zaidi kuliko upendeleo. Lakini faida yake kubwa ni nyingine. Yule aliyeachwa alikuwa kioo cha mwenziwe. Katika kioo hicho mtu angeweza kuyaona yale ambayo yangalimpata aliyesaidiwa lau asingalisaidiwa, na swali hilo la "lau" ndilo mzizi wa taaluma ninayotaka kuisimulia, ambayo leo huitwa tathmini ya programu, pamoja na ndugu yake wa tumbo moja, yaani ile saikolojia tumizi ya utafiti inayoitoa elimu ya nafsi katika maabara na kuipeleka shuleni, hospitalini, gerezani na bungeni.

Cabot mwenyewe hakuiona hatima ya sarafu zake, kwani alifariki mwezi wa Mei 1939, mwaka ule ule ambao walezi walianza kuzunguka majumbani. Walikwenda kiasi cha mara mbili kwa mwezi, na kwa wastani kila mvulana alidumu mikononi mwa mradi miaka mitano na nusu. Zaidi ya nusu ya wavulana walifundishwa masomo ya ziada, zaidi ya 100 walipata waganga wa mwili au wa nafsi, na robo hivi walipelekwa makambini wakati wa likizo ya kiangazi. Vita vikuu vikawachukua baadhi ya walezi, jozi kadha wa kadha zikaachwa ili mzigo upungue, na mwisho wa mwaka 1945, mradi ulipofungwa, walibaki katika daftari wavulana 506, nusu kwa nusu. Edwin Powers na Helen Witmer walitoa kitabu cha matokeo mwaka 1951. Walezi waliamini kwamba wengi wa wavulana wao wamefaidika, na wavulana wengi walisema vivyo hivyo. Ila daftari za mahakama hazikuonyesha tofauti yoyote ya maana baina ya waliosaidiwa na wenzao. Majalada yakafungwa, yakawekwa akibani, nasi tutayarudia kwa wakati wake.

Wakati huo haikuwapo shule ya kumfundisha mtu kazi ya namna hiyo. Mtu aliijua kwa kuishika, kama mwanafunzi wa seremala ajifunzavyo kwa kumshikia fundi wake randa. Katika elimu alikuwapo Ralph Tyler, aliyepima, katika utafiti wa miaka minane wa 1933 hadi 1941, matunda ya shule 30 za sekondari zilizopewa uhuru wa kubadili mitaala yao, akawafundisha walimu waliokuwa pamoja naye kwamba haifai kutunga mtihani kabla ya kusema wazi ni nini ulichotaka mtoto akijue. Katika saikolojia alikuwapo Kurt Lewin, mkimbizi kutoka Ujerumani wa Hitler, aliyeshikilia kwamba utafiti na utendaji ni lazima viende pamoja, naye akafariki mwaka 1947 kabla ya kuona wanafunzi wake walivyoenea. Hao walikuwa mabingwa, lakini bingwa mmoja mmoja hafanyi taaluma. Taaluma huwapo pale ambapo mtu wa kawaida, asiye na kipaji cha ajabu, aweza kufundishwa akaifanya vizuri.

Upungufu huo ulifichuka mwaka 1965. Rais Lyndon Johnson alikuwa ametangaza vita juu ya umaskini, na tarehe 11 Aprili ya mwaka huo alitia sahihi sheria kubwa ya elimu iliyopeleka fedha za serikali kuu katika shule za watoto maskini; na kwa kuwa Seneta Robert Kennedy wa New York alikuwa na shaka kama fedha hizo zitawafikia watoto wenyewe, au zitamezwa na shule zilizokwisha kuwafelisha tangu zamani, ilitiwa katika sheria ile sharti kwamba kila wilaya itoe ripoti ya tathmini. Wakati wa kiangazi cha mwaka huo huo ukaanza mradi wa Head Start, wa kuwaandaa watoto wadogo kabla ya kuingia darasa la kwanza, ukapokea zaidi ya watoto 500,000 kwa mkupuo mmoja. Ilikuwa kama mji ulioamrishwa kila nyumba iwe na kisima, ilhali wachimbaji visima mji mzima hawazidi kumi. Walimu wakuu, wakaguzi, makarani wa takwimu na wanasaikolojia waliozoea kuwapima panya katika vijumba vyao waliitwa wote wawe watathmini, na wengi wao waliandika ripoti zilizojaa hesabu ya watoto waliohudhuria na maziwa yaliyonywewa, bila ya neno moja juu ya kilichobadilika.

Hapo ndipo anapoingia Donald T. Campbell, ambaye kwa rai yangu ndiye mwalimu mkubwa kuliko wote katika mlango huu. Alizaliwa mwaka 1916 katika kijiji cha Grass Lake, Michigan. Alipomaliza shule alifanya kazi mwaka mzima katika shamba la batamzinga huko California kabla ya kuingia chuo, akatumika katika jeshi la majini wakati wa vita, akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley mwaka 1947, na tangu 1953 akasomesha katika Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, kwa miaka 26. Kabla hajaandika chochote juu ya Head Start alikuwa amekwisha kujifunza hadhari yake mahali ambapo wengi hawapatazamii, nako ni Afrika. Northwestern ilikuwa na Melville Herskovits, mwanachuoni wa mila za Afrika, aliyeamini kwamba utamaduni huingia hata katika jicho, na kwamba watu wa mazingira mbalimbali huenda wasione mstari mmoja kwa urefu mmoja. Campbell alitia shaka. Badala ya kushindana kwa maneno walipanga utafiti pamoja na kijana Marshall Segall, wakapeleka michoro ya mistari inayodanganya jicho kwa watu wa Ankole na Toro katika Uganda, kwa Wasuku na Wasonge katika Kongo, na kwa jamii nyingine nyingi, pamoja na Wamarekani wa mtaa wao wenyewe wa Evanston. Kitabu kilitoka mwaka 1966, Herskovits akiwa amekwisha kufariki, nacho kilionyesha kwamba tofauti zipo: wale waliokulia katika miji ya nyumba za pembe mraba walidanganywa zaidi na baadhi ya michoro kuliko wenzao.

Lakini mimi huvutiwa zaidi na maswali yaliyotangulia mbele ya michoro ile kuliko matokeo yake. Campbell aliuliza: mtu wa Ankole akitoa jibu lisilofanana na la mtu wa Evanston, tutajuaje kwamba ameona tofauti, wala si kwamba hakufahamu tulichomwuliza? Kwa hiyo waliweka mwanzoni mwa kila zoezi michoro ambayo jibu lake halina utata kwa mtu yeyote mwenye macho, mstari mrefu sana kando ya mfupi sana, na aliyekosea hapo hakuhesabiwa kuwa anaona vingine. Alihesabiwa kuwa bado hajaelezwa vizuri. Kosa lilirudi kwa mwulizaji. Ni adabu ndogo, lakini ningependa kila mtafiti anayeingia kijijini na karatasi zake aichukue kama achukuavyo viatu.

Adabu hiyo hiyo ndiyo iliyomo katika kile kitabu kidogo alichokiandika Campbell pamoja na Julian Stanley, kilichotoka kwanza mwaka 1963 kama mlango wa kitabu kikubwa cha utafiti wa ualimu, na kisha mwaka 1966 peke yake, kikiwa hakifiki kurasa 100. Nacho kikawa ndicho msahafu wa darasa zote za tathmini zilizofuata. Humo mwanafunzi hafundishwi kwanza kukokotoa, bali hufundishwa kushuku. Akiletewa habari kwamba watoto wamepanda alama baada ya mradi, sharti ajiulize kama kuna jambo jingine lililotokea mjini wakati ule ule; kama watoto hawakukua tu, kama wakuavyo watoto wote; kama kule kupimwa mara ya kwanza hakukuwafunza mtihani; kama mizani yenyewe haikubadilika baina ya kipimo na kipimo; kama walioshindwa hawakuacha shule wakabaki hodari peke yao; na kama waliochaguliwa hawakuwa tangu mwanzo watu wa namna nyingine. Kila moja ya hayo ni maelezo shindani, na mtathmini hana haki ya kusema "mradi umefanya" mpaka ameyasimamisha yote mbele yake, kama kadhi asimamishavyo mashahidi, akayahoji moja moja. Dhana si yakini. Na baina ya hayo mawili kuna kazi ya miaka.

Mfano aliopenda kuutumia ulitoka Connecticut. Mwaka 1955 ajali za barabarani ziliwaua watu 324 katika jimbo hilo, na Gavana Abraham Ribicoff akatangaza kwamba madereva wa kasi watanyang'anywa leseni. Mwaka 1956 waliokufa walikuwa 284, na Gavana akasema kwamba roho 40 zilizookoka ni ushahidi wa kutosha. Campbell, pamoja na H. Laurence Ross, aliziondoa namba mbili hizo katika upweke wake akazitia katika msururu wa miaka iliyotangulia na iliyofuata, na kando yake akaweka majimbo jirani, nayo ni New York, New Jersey, Rhode Island na Massachusetts. Ikadhihiri kwamba mwaka 1955 ulikuwa mbaya kupita kiasi, na kwamba amri kali ilitolewa kwa sababu ya ubaya huo. Na mwaka uliozidi kwa ubaya, aghalabu, hufuatwa na mwaka uliopungua hata kama hakuna aliyeamrisha lolote. Hawakusema kwamba amri haikufaa kitu. Walisema kwamba ushahidi uliotolewa haukutosha kuthibitisha faida iliyodaiwa, na mtu asiyeona tofauti baina ya kauli mbili hizo hajaanza bado kusoma.

Mwaka 1969 mtego wa namna hiyo hiyo uliwaponza watu wenye elimu. Kampuni ya Westinghouse na Chuo Kikuu cha Ohio walitoa ripoti iliyosema kwamba Head Start ya kiangazi haikuacha athari ya kudumu, na ile ya mwaka mzima iliacha kidogo sana; wapinzani wa mradi wakashangilia. Mwaka uliofuata Campbell na Albert Erlebacher wakaeleza kilichoweza kuwa kimetokea. Hapakurushwa sarafu: watoto waliokwisha kupita katika mradi, waliokuwa maskini zaidi, walilinganishwa na watoto wengine wa mitaa ile ile waliotafutwa baadaye. Na awaze msomaji shule mbili, moja dhaifu na moja hodari. Ukitaka watoto wenye alama sawa kutoka shule zote mbili, katika ile dhaifu utachukua walio juu, na katika ile hodari utachukua walio chini, na miongoni mwao wamo ambao siku ile waliangukiwa na bahati, njema au mbaya. Wapime tena kesho, nao watarudi kila mmoja kuelekea wastani wa shule yake, wa kwanza watashuka na wa pili watapanda, hata kama hukuwafanyia lolote. Mradi unaowasaidia wale maskini unaweza hivyo kuonekana umewadhuru. Nimelisoma jambo hili mara nyingi, na kila mara linanitia hofu, kwa kuwa hesabu zilizofanywa kwa uaminifu na watu wasio na hila ziliweza kuwanyima watoto haki yao kwa sababu ya hatua moja tu iliyorukwa mwanzoni.

Basi haja ya kuwafundisha watu ikawa dhahiri, na vyuo vikaitikia, kila kimoja kwa lahaja yake. Chuo Kikuu cha Illinois kilikuwa na kituo ambamo Robert Stake aliwafundisha wanafunzi kukaa ndani ya mradi na kuusimulia kama mtu asimuliavyo maisha ya mtaa. Daniel Stufflebeam alianzisha kituo cha tathmini katika Chuo Kikuu cha Ohio State mwaka 1965, akakihamishia Western Michigan mwaka 1973. Michael Scriven, aliyetoka katika falsafa, alikuwa amekwisha kuwapa wote, mwaka 1967, tofauti iliyoenea ulimwengu mzima baina ya tathmini inayofanywa ili kuujenga mradi ungali unaendelea na ile inayofanywa ili kuuhukumu. Northwestern yenyewe, pamoja na Campbell, Thomas Cook na Robert Boruch, ilifanya mbinu za utafiti na tathmini kuwa somo la kuhitimu la uzamivu. Takwimu zilikuwa nusu ya masomo. Nusu nyingine ilikuwa ni kukaa pamoja na kuchambua tafiti za watu, za wenzao na za mwalimu wao mwenyewe, kwa maana Campbell aliamini kwamba elimu haisalimishwi na uadilifu wa mtu mmoja bali na jamaa ya watu wanaobishana kwa heshima. Mwaka 1979 yeye na Cook walitoa kitabu kikubwa kilichopanua kile kijitabu, na wanafunzi waliotoka hapo, kama William Trochim aliyehitimu mwaka 1980, wakaenda kufungua madarasa yao.

Isidhaniwe kwamba ilikuwa njia ya raha. Carol Weiss, katika maandishi yake ya miaka ya 1970, aliwaambia watathmini jambo lililowachoma: ripoti zao hazisomwi na wenye kuamua, na si kwa ujinga, bali kwa sababu mradi wa serikali ni kiumbe cha siasa, umezaliwa kwa mapatano na unaishi kwa marafiki. Campbell alikuwa ameligusa hilo mwaka 1969. Afisa aliyekwisha kuahidi hadharani kwamba dawa yake itaponya, alisema, amejifunga. Tathmini ya kweli ni hatari kwake, naye ataikwepa kwa kila hila. Afisa mwingine anaweza kusema mapema kwamba ugonjwa ni mkubwa, kwamba tutajaribu dawa hii miaka mitano, na isipofaa tutajaribu nyingine. Huyo hana cha kuogopa katika mizani. Campbell aliitamani jamii nzima ya watu wa namna hiyo ya pili. Na katika miaka ya 1970 aliongeza onyo ambalo wanafunzi wa leo huliita kanuni yake: kadiri kipimo kimoja kinavyotumiwa kuamua mambo ya watu, ndivyo kinavyozidi kuvutwa na kupotoshwa, mpaka kikayaharibu yale yale kilichowekwa kuyapima. Mwalimu anayehukumiwa kwa alama za mtihani atafundisha mtihani. Nasi wenye kuyajua mashindano ya shule zetu hatuhitaji mfano kutoka mbali.

Taaluma ikapata mila na nyumba. Mwaka 1981 kamati ya pamoja ya vyama vya elimu ilitoa kanuni 30 za tathmini njema chini ya mambo manne, nayo ni kufaa, kuwezekana, uadilifu na usahihi, na watu wengi hawatambui kwamba kufaa kuliwekwa kwanza kwa makusudi. Mwaka 1986 vyama viwili vya watathmini vikaungana kuwa Chama cha Tathmini cha Marekani. Mwaka 2001 Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Carleton cha Ottawa vilianzisha mafunzo ya kila kiangazi kwa watumishi wa serikali na mashirika kutoka nchi nyingi, na kabla yake, mwaka 1999, watathmini wa bara letu walikuwa wamekutana Nairobi na kuunda Chama cha Tathmini cha Afrika, ambamo ilianza kusikika sauti ya wale waliosema, kama asemavyo Profesa Bagele Chilisa wa Botswana, kwamba haitoshi Mwafrika afundishwe kushika mizani ya watu; aulizwe pia ni nini chenye uzito kwake.

Sasa turudi kwenye yale majalada ya Cambridge. Mwishoni mwa miaka ya 1950 yalifika mikononi mwa mwanamke aitwaye Joan McCord, aliyeyasoma kwanza ili kutafuta chanzo cha uhalifu. Na baada ya miaka mingi, mwaka 1975 na kuendelea, akaanza kuwatafuta wale wavulana wenyewe, waliokuwa sasa watu wazima wenye wake, watoto na mvi, wengine wakiwa makaburini. Aliwapata karibu wote, waliopewa walezi na walioachwa, kwa kupekua daftari za mahakama, za hospitali, za ndoa na za vifo, na kwa kuwaandikia barua walio hai. Thuluthi mbili za waliosaidiwa walimjibu kwamba mradi uliwafaa. Waliwakumbuka walezi wao kwa majina, na wengine walisema kwamba bila ya mtu yule wangaliishia gerezani. Mtathmini asiyesoma angaliishia hapo, akaandika ripoti ya furaha.

McCord alikuwa na sarafu ya Cabot. Alipowaweka watu hao kando ya wenzi wao wa jozi, aliona kwamba waliosaidiwa hawakupungukiwa na uhalifu hata kidogo, na kwamba miongoni mwa waliokosa sheria, hao ndio walioelekea zaidi kurudia kosa. Kwamba miongoni mwao walikuwa wengi zaidi wenye dalili za ulevi, wa maradhi makubwa ya akili, wa shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Kwamba kazi zao zilikuwa za heshima ndogo na wakaridhika nazo kidogo. Na kwamba waliokufa walikufa mapema zaidi. Aliyatangaza hayo mwaka 1978 katika jarida la wanasaikolojia wa Marekani. Kila jambo lililokuwa na tofauti, tofauti yake ilikwenda upande mmoja. Walikuwapo waliokasirika naye, kana kwamba yeye ndiye aliyewadhuru watu wale. Yeye hakujibu kwa hasira, bali aliendelea kuyachimba majalada, na mwaka 1999, pamoja na wenzake wawili, akaonyesha kwamba madhara yalijikusanya kwa wale waliopelekwa makambini zaidi ya mara moja, ambako vijana watundu walikaa pamoja na kufunzana. McCord alifariki mwaka 2004, akiwa amekwisha kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza chama cha wanazuoni wa jinai cha Marekani. Kwangu mimi jambo zito zaidi katika habari yake ni zile barua za shukrani, kwa sababu zilikuwa za kweli. Waliozituma hawakusema uwongo. Walipendwa, na walijua kwamba wamependwa. Hawakuwa na njia ya kumwona yule mwingine, mwenzi wao wa jozi, ambaye hakupewa kitu.

Swali la Cabot lilifika kwetu pia. Katika wilaya ya Busia, magharibi mwa Kenya, penye shule ambamo wanafunzi wachache sana walikuwa na vitabu vya kiada, shirika moja lilitaka kutoa vitabu bure, na watafiti Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin wakapatana nalo kwamba, kwa kuwa fedha haziwezi kuzifikia shule 100 zote kwa wakati mmoja, 25 za mwanzo zichaguliwe kwa kura. Vitabu viligawiwa mwaka 1996. Hapana aliyedhani kwamba vitabu havitafaa. Ni nani atakayedhani hivyo, akiwa amemwona mtoto akinyoosha shingo ili asome katika kitabu cha jirani yake wa tatu? Mitihani ilipofanywa, wastani wa shule zilizopata vitabu haukuzidi ule wa wenzao. Waliofaidika walikuwa wale waliokwisha kuwa mbele, na wale wa nyuma walibaki pale pale walipokuwa. Watafiti walikwenda kuvitazama vitabu vyenyewe, vilivyokuwa vya serikali, vizuri, vya mtaala uliokubaliwa. Navyo vilikuwa vimeandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa wengi wa watoto wale kilikuwa lugha ya tatu, baada ya ile ya mama na baada ya Kiswahili. Miaka 30 na zaidi ilikuwa imepita tangu mtu wa Ankole, ng'ambo ya mpaka, awekewe mbele ya macho mstari mrefu sana kando ya mfupi sana, ili mwulizaji ajue kwanza kama ameeleweka.